Siku tatu kwa mawakili, istilahi thelathini: shajara ya mradi

Wiki mbili kabla. Istilahi: 0/30

Barua pepe imeingia: nimepata nafasi. Siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi, kwenye kampuni kubwa ya mawakili hapa London. Kampuni nyingi za mawakili Uingereza huwafungulia mlango hivi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waje waonje kazi kabla ya kuomba mafunzo marefu zaidi ya wakati wa likizo na hatimaye mkataba wa uanagenzi. Si ajira. Wanasema si usaili pia, lakini kila aliyetangulia ananishauri nivae kama wa usaili. Jina la kampuni sitaliandika humu. Siku ya kwanza nitasaini hati ya kutunza siri, na jina lenyewe halina cha kuongeza.

Shajara hii nimeianza kwa sababu ya dada. Kila Jumapili tukipigiana simu huniuliza nimesoma nini, nami namwaga maneno, nusu Kiingereza, nusu kujikuna kichwa. Juzi nilikuwa namweleza jinsi kampuni inavyoweka mali rehani kwa benki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa hapo nani anamlipa nani?" Nikabaki naitazama simu. Na somo hilohilo nilikuwa nimepata alama nzuri.

Kwa hiyo mradi ni huu. Nitakuwa na daftari dogo la istilahi. Kila neno la kazi nitakalokutana nalo kwa siku tatu nitalieleza kwa Kiswahili, lengo ni maneno 30. Na sharti moja ambalo nimejiwekea kwa ajili ya swali la dada: kwenye daftari hilo kitenzi cha kutendwa ni marufuku. Hakuna "imelipwa", hakuna "imekubaliwa", hakuna "imethibitishwa". Lazima niseme nani kalipa, nani kakubali. Kwenye shajara hii nitajiachia, maana bila kutendwa hata habari za hali ya hewa zinakuwa kazi.

Maandalizi mengine: nimeitafuta kampuni yenyewe kwenye kumbukumbu za Companies House, ofisi ya serikali inayosajili kampuni. Ni ubia wenye dhima yenye ukomo, yaani kwa kawaida wabia hawabebi binafsi madeni ya ubia, aina ya ubia iliyoletwa na sheria ya mwaka 2000, na ubia wa namna hiyo unalazimika kuwasilisha hesabu zake zisomwe na yeyote, bure. Nimekaa nazo saa nzima. Gharama kubwa kuliko zote ni watu. Hakuna ghala, hakuna mashine. Wanachouza ni saa za watu, basi.

Jumanne. Istilahi: 9/30

Nilifika dakika 40 kabla ya wakati, nikalizunguka jengo mara tatu nisionekane wa kwanza. Mzunguko wa tatu nikapishana na kijana mwingine mwenye suti mpya anayezunguka upande wa pili. Tukasalimiana kwa macho.

Tuko 25 na karibu nusu hawasomi sheria kabisa. Wapo wa historia, wa uchumi, hata wa kemia (ndiye yule wa kuzunguka jengo). Kwamba England na Wales mtu wa shahada yoyote anaweza kuwa wakili nilikuwa nalijua, ila kulikuta mezani ni jambo jingine. Anachotakiwa ni kufaulu mitihani ya SQE, kukusanya miaka miwili ya kazi ya kisheria, ambayo anaweza kuipata sehemu hadi nne tofauti, na kuwa mtu wa mwenendo unaokubalika. SQE ilianza mwaka 2021 kuchukua nafasi ya kozi ya zamani iitwayo LPC. Hatua ya kwanza ni maswali 360 ya kuchagua jibu, karatasi mbili za maswali 180 kila moja. Hatua ya pili ni kazi 16 za vitendo, za kuandika na za kuzungumza: kumhoji mteja, kutafiti, kuandaa hati, kutetea hoja. Kijana wa kemia aliuliza kama kuna karatasi ya fomula. Hakuna.

Asubuhi nzima ilikuwa ya maadili. Wakili wa kitengo hicho alianza kwa kutuambia kwamba lifti ina masikio. Usitaje jina la mteja kwenye lifti, wala kwenye treni, wala ukimsimulia rafiki kwa furaha. Wajibu wa siri haufi kazi inapokwisha. Kanuni za SRA, chombo kinachosimamia mawakili wa huku, zinawataja wateja wa sasa na wa zamani pamoja. Kisha mgongano wa maslahi: kabla ya kufungua faili lolote, ofisi inapekua kumbukumbu zake ione kama haimtumikii tayari mtu aliye upande wa pili wa jambo hilo. "Swali la kwanza kabisa," alisema, "ni hili: mteja wetu ni nani?" Wote 25 tuliandika.

Jambo lililonichekesha na kunitisha kwa pamoja ni muda. Mawakili hapa hurekodi siku yao kwa vipande vya dakika sita, yaani kumi kwa saa. Kila kipande kinaandikwa kimetumika kwa mteja gani na kwa kazi gani. Nikajaribu mwenyewe kuanzia saa nane mchana. Hadi jioni nilikuwa na vipande viwili vya kutafuta choo na kimoja cha kusahau nilichokuwa naandika.

Chakula cha mchana na mawakili: wote wakarimu, wote wana haraka, nimesahau majina sita kati ya manane.

Mchana somo la kununua kampuni. Hili ndilo nililolijia. Mwalimu alianzia kwenye kesi ya Salomon ya mwaka 1897. Aron Salomon alikuwa mtengenezaji wa viatu aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni, kampuni ikafilisika, na wadai wakataka wamdai yeye. Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu wakati huo, likasema hapana, kampuni ni mtu mwingine na madeni ni ya kampuni. Kesi hii kila mwanafunzi wa sheria anaikariri muhula wa kwanza. Nilichokuwa sijakiona ni matokeo yake sokoni. Kama kampuni ni mtu, basi kununua hisa zake ni kumchukua mtu huyo mzimamzima: mikataba yake, madeni yake, kesi zake, hata dhambi zake za kodi ambazo hakuna anayezijua bado. Ndiyo maana mnunuzi anapekua kwanza. Zamani alifungiwa chumba chenye majalada. Siku hizi chumba ni tovuti yenye nywila, ila jina limebaki "chumba". Somo zima tulilitazama kwa macho ya mnunuzi: anaogopa nini, anauliza nini, anapunguza bei wapi.

Saa kumi na moja tukagawiwa zoezi, makundi matano ya watu watano. Bahasha nene: familia moja ina kampuni ya kutengeneza vifungashio, kampuni kubwa inataka kuinunua. Kurasa 62. Alhamisi saa nane tunasimama mbele ya mbia mmoja na mawakili wawili kwa dakika kumi. Nimezisoma kurasa zote kwenye treni kwa kasi ya mtu anayetafuta kuchelewa kushuka, na nilichelewa kweli.

Jumatano, mchana. Istilahi: 16/30

Asubuhi tulipelekwa Rolls Building, Fetter Lane, jengo la mahakama za biashara lililofunguliwa mwaka 2011. Ukitarajia mbao nyeusi na vumbi la karne, utakuta lifti za kioo. Jaji hakuvaa wigi. Kwenye kesi za madai majaji waliliacha tangu mwaka 2008. Yeyote anaweza kuingia akakaa nyuma akasikiliza, hata asiye mwanafunzi.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya kuna jambo la kueleza hapa. Kwetu wakili ni mmoja: anampokea mteja ofisini na ndiye anayesimama mbele ya jaji. England wamegawana. Kuna wakili wa ofisini anayeishi na mteja na karatasi, na kuna wakili wa mahakamani anayeitwa kuja kusema. Wa ofisini anaweza kuongeza sifa akaruhusiwa kusema kwenye mahakama za juu, ila kwa kawaida anakaa safu ya nyuma. Kwenye daftari nimewaita hivyohivyo, wa ofisini na wa mahakamani. Kiswahili hakijawahi kuhitaji majina mawili, na sioni sababu ya kukilazimisha.

Nilimkazia macho yule wa safu ya nyuma. Jaji aliuliza barua fulani ya mwezi fulani iko wapi. Wakili wa mahakamani akasita nusu sekunde, na kabla nusu ya pili haijaisha mkono ulishatoka nyuma na kikaratasi cha njano chenye namba ya ukurasa. Hakuna aliyemtazama mwenye mkono. Nadhani hiyo ndiyo picha nitakayobaki nayo ya wiki hii yote.

Tukarudi kwenye bahasha. Kundi letu lina binti wa historia, kijana wa uchumi, yule wa kemia, mwenzangu mmoja wa sheria, na mimi. Tuligawana kurasa. Binti wa historia ndiye aliyetupatia lulu, ukurasa wa 31, kwenye mkataba na mteja mkubwa anayenunua asilimia 40 ya vifungashio vyote. Kuna kifungu kinachosema umiliki wa kampuni ukibadilika, mteja huyo anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 30. Nikapata kueleza Salomon kwa faida ya kundi. Hisa zikiuzwa, aliyesaini mkataba hajabadilika, ni kampuni ileile, kwa hiyo mkataba ungeendelea bila hata hodi. Mteja aliyelijua hilo ndiye huomba kifungu cha namna hii. Yeye anajali nani yuko nyuma ya kampuni.

Tukapata na mengine. Pango la kiwanda linakwisha baada ya miezi 14. Wafanyakazi watatu wa zamani wanadai. Benki ina rehani juu ya mashine, na rehani hiyo ilisajiliwa Companies House ndani ya siku 21 zinazotakiwa, kwa hiyo haina mlango wa kutorokea. Isiposajiliwa ndani ya muda, mfilisi na wadai wengine wanaweza kuipuuza. Kila moja tukaiandikia hatari yake na dawa yake: punguzo la bei, ahadi ya kufidia, sharti la kutimizwa kabla ya kukamilisha ununuzi. Hadi saa kumi na mbili tulikuwa na slaidi saba safi. Mwenzangu wa sheria alisema tumemaliza mapema kuliko kundi lolote. Tulijiona.

Jumatano, usiku. Istilahi: 19/30, na mradi wa kundi umerudi sifuri

Saa tano usiku. Ninaandika haraka.

Nilikuwa kwenye daftari, neno la 19. Ndani ya bahasha kuna rasimu ya mkataba wa mauziano ya hisa, na nyuma ya mkataba kuna orodha ndefu ya sentensi: kampuni haina kesi mahakamani, kampuni imelipa kodi zake zote, mikataba yote muhimu iko hai na hakuna upande uliopewa haki ya kuivunja. Nimeyaita mahakikisho. Ukizisoma kwenye orodha, sentensi zile zinaelea. Hazina mwenyewe. Mwenyewe yuko kurasa nyingi mbele, kwenye kifungu kimoja kinachosema mahakikisho yanatolewa. Yanatolewa!

Na sharti langu linakataza "yanatolewa".

Basi nikaandika: "Hakikisho: muuzaji anamwambia mnunuzi jambo fulani kuhusu kampuni ni kweli, likionekana si kweli, muuzaji anamlipa mnunuzi hasara." Hapo swali la dada nimelijibu bila kuombwa. Nani anamlipa nani? Muuzaji, mnunuzi. Nikataka kuongeza mfano kutoka zoezi letu, kwa nafsi ya kwanza ili uwe hai: "Sisi tuna…" Kalamu ikasimama. Sisi nani? Ni "tunahakikishiwa" au "tunahakikisha"? Nikarudi ukurasa wa kwanza wa bahasha kutafuta jibu, ukurasa wa maelekezo ambao sote tulishauruka kwa kuwa ulianza na saa na namba za vyumba. Aya ya pili, mstari wa kwanza: mnamwakilisha muuzaji.

Slaidi saba. Zote tumemwandikia adui.

Nimewatumia wenzangu ujumbe. Kijana wa kemia kajibu kwa alama ya fuvu. Mwenzangu wa sheria anasema haiwezekani, mwalimu alifundisha upande wa mnunuzi, kwa hiyo zoezi lazima liwe la mnunuzi. Nimempigia picha mstari. Amenyamaza dakika nne, karibu kipande kizima, kisha: "Saa moja na nusu asubuhi, ghorofa ya chini."

Alhamisi. Istilahi: 22/30

Sikulala vya kutosha. Lakini asubuhi ile ya dharura nilijifunza kuliko jana kutwa, kwa hiyo naiandika yote.

Kijana wa uchumi aliingia na wazo kwamba tunahitaji utafiti mpya. Binti wa historia akakataa. Ukweli haujabadilika hata mmoja, alisema. Kifungu cha ukurasa wa 31 ni kilekile, pango ni lilelile, rehani ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunasimama upande wa pili wa kila kimoja. Akachukua kalamu akaanza kugeuza.

Kifungu cha mteja mkubwa: kwa mnunuzi ilikuwa hatari ya kushushia bei. Kwa muuzaji ni kazi ya kufanya leo: azungumze na mteja apate ridhaa ya maandishi kabla mnunuzi hajakigundua akakitumia kwenye meza ya bei. Lakini angalia siri! Huwezi kumwendea mteja ukamwambia kampuni inauzwa wakati mazungumzo yenyewe ni ya siri, kwa hiyo lazima mnunuzi akubali kwanza muda na maneno ya kumwambia. Hapo tulikaa dakika 20. Kijana wa kemia ndiye aliyeliona, nadhani kwa sababu lile somo la lifti lilimwingia.

Rehani ya benki ilikuwa nyepesi zaidi: muuzaji atoe sehemu ya pesa za mauzo kulipa mkopo siku ileile ya kukamilisha, benki iachie mashine.

Madai ya wafanyakazi watatu ndiyo yaliyotufikisha kwenye neno langu gumu kuliko yote. Mkataba unataka muuzaji ahakikishe kampuni haina madai. Inayo. Akisaini hivyo, anajitia kitanzi mwenyewe. Afanyeje? Anaandika barua tofauti inayoambatana na mkataba, na humo anamwambia mnunuzi wazi kila jambo linalokwenda kinyume na mahakikisho: madai haya, ya kiasi hiki, tangu tarehe hii. Alichokisema humo kwa uwazi wa kutosha, mnunuzi hawezi kumdai tena kwamba hakikisho lilikuwa la uongo. Kwa hiyo muuzaji anajikinga kwa kusema sana. Silika yangu ingekuwa kusema kidogo.

Kisha mipaka. Bila mkataba kusema vinginevyo, sheria ya England inampa mdai miaka 6 kwa mkataba wa kawaida na 12 kwa mkataba uliofungwa kwa hati rasmi. Muuzaji hataki kuishi na deni linaloweza kugonga mlango mwaka wa kumi na moja. Kwa kawaida wanapatana muda mfupi zaidi, mara nyingi kati ya mwaka mmoja na miwili kwa mahakikisho ya jumla na miaka 7 kwa ya kodi, pamoja na kikomo cha fedha, kwa kawaida kisichozidi bei ya mauzo. Mwanagenzi mmoja aliyekuwa anapita na kahawa alitusaidia hapo. Yuko kwenye "kiti" chake cha tatu. Uanagenzi wao ni miaka miwili, viti vinne vya miezi sita sita, kila kiti idara tofauti. Nilimuuliza kiti hiki anafanya nini. "Kurasa za saini," alisema. Siku ya kukamilisha, watu kumi wako sehemu kumi na kila mmoja anatakiwa asaini hati sahihi, ukurasa sahihi, na yeye ndiye anayejua ipi imerudi na ipi bado. Wiki iliyopita alilala saa tisa usiku kwa ajili ya ukurasa mmoja. Alilisema bila kujisifu na bila kulalamika, akaondoka na kahawa yake.

Saa nane tukasimama. Dakika kumi zilikwenda vizuri, binti wa historia alifungua, mimi nikachukua mahakikisho, kijana wa uchumi akafunga na mipaka. Makundi mawili kabla yetu yalikuwa yamewasilisha upande wa mnunuzi, na nilimwona mwenzangu wa sheria akitazama viatu vyake.

Mbia alitusikiliza huku akichora kitu pembeni ya karatasi. Tulipomaliza alisema tumejua mteja wetu ni nani, na kwamba wengine kila mwaka hawajui. Nikaanza kutabasamu. Kisha akaendelea.

"Mteja wenu ana umri gani?"

Tukatazamana. Ilikuwamo kwenye bahasha, ukurasa wa 4, kwenye barua ya mwanzilishi: ana miaka 68, anataka kustaafu, hisa nyingine ni za watoto wake.

"Mmenipa mambo sita. Ameketi hapa nilipoketi. Anataka kujua mawili: fedha zinaingia lini, na ni lini hasa anaweza kuzigawa kwa watoto akalala akijua hakuna atakayekuja kuzidai. La pili mlilo nalo mmeliweka slaidi ya mwisho, kwa haraka, muda ukiwa umekwisha."

Ni kweli. Tulikuwa tumepanga slaidi kwa mpangilio wa bahasha. Kijana wa uchumi alikuwa na sekunde 40 za kusema jambo pekee ambalo mzee yule angelifuata hadi mlangoni.

Sikuumia sana, nilishangaa zaidi. Usiku kucha nilidhani kosa letu lilikuwa moja na tumelirekebisha. Kumbe kuuliza mteja ni nani ni nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye barua isiyo na neno hata moja la kisheria, na hiyo sote tuliisoma na kuiacha kwa sababu haikuwa na neno la kisheria.

Kuaga, picha ya pamoja, vyeti, ahadi za kutafutana. Kitambulisho cha mgeni nimekikuta mfukoni nikiwa nyumbani, nitakirudisha kwa posta.

Jumapili. Istilahi: 24/30

Nimekosa sita. Nne ni za kodi na nimeziacha makusudi, sizielewi kwa lugha yoyote. Mbili nitazitafuta muhula ujao.

Kazi ya wiki: nimechukua swali la zamani la mtihani wa makosa ya madai, lile linalomtaka mwanafunzi amshauri aliyeumia, nikalisoma upya. Jibu langu la Desemba lina kurasa tano za kesi, na yule mtu wa kuumia anatajwa mara mbili. Mkufunzi alinipa alama nzuri, jambo ambalo sasa sijui nilifikirieje. Maombi ya mafunzo ya likizo yanafunguliwa vuli, mwaka wa pili. Nitaomba. Nina shaka na saa tisa za usiku, lakini shaka hiyo ni ya mtu aliyeona, afadhali kuliko hamu yangu ya mwanzo.

Dada kapiga simu. Nikamweleza zoezi lote kwa Kiswahili, kuanzia mzee wa miaka 68. Hakuniuliza nani anamlipa nani. Aliuliza jingine: "Na huyo mzee akijua kuna deni, akaacha kuliandika kwenye barua makusudi, akakaa kimya mpaka muda upite?"

Nikamwambia hapo mipaka haimkingi. Mtu hawezi kujifichia udanganyifu wake mwenyewe nyuma ya kifungu cha mkataba.

"Afadhali. Na hiyo barua mnaiitaje?"

Hilo ndilo neno namba 20, ambalo tangu Alhamisi nimelifuta mara tatu. Barua ya ufichuzi inasikika kama kuna aliyekamatwa. Barua ya bayana ni nzuri ila haisemi nani anamwambia nani. Dada akafikiri kidogo, akasema yeye angeiita barua ya kuungama. Nikacheka, nikamwambia muuzaji hajatenda dhambi.

"Hujui," akasema.

Nimeliandika kwa penseli.